Kompyuta Iliyowekewa Kilio

Watu wengi wa umri wangu hurudishwa utotoni na harufu ya ndagala, yaani dagaa, zinazokaushwa, au ya mvua ya kwanza kwenye vumbi. Mimi, mtanisamehe, hurudishwa na kifutio cha penseli. Juzi mwanangu alikuwa akifuta hesabu aliyoikosea, akafuta kwa hasira mpaka karatasi ikataka kutoboka, na ile harufu ya mpira uliopata moto iliponifika nikaangua kicheko peke yangu jikoni. Akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia namcheka Injenia. Akanitazama kwa huruma, akarudi kwenye hesabu zake. Yeye amezaliwa akakuta simu mfukoni mwa kila mtu. Hawezi kujua adha ya kompyuta ya mezani. Nyinyi mtanielewa.

Yetu ilifika Kimanga, mtaa wetu wa Uvira, juu ya mkokoteni, imefungwa kamba kama mbuzi wa sokoni. Papa, baba yangu, aliinunua kwa shirika moja lililokuwa likifunga ofisi, kwa ajili ya Tantine Esperance, mdogo wake wa mwisho, aliyekuwa akiishi kwetu huku akimaliza masomo. Koko, bibi yangu, mama yao wote wawili, aliipokea kwa heshima zote. Aliifunika kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake, kama alivyoifunika redio, na kila jioni alihakikisha kitambaa kimeshuka mpaka chini ili mashine isipigwe na baridi ya ziwa. Ndani ya kitambaa kile mashine ilikuwa inachemka, lakini nani angethubutu kumwambia Koko?

Tantine alikuwa anaandika TFC, ile kazi ya utafiti ambayo bila hiyo huwezi kufunga masomo. Yake ilihusu ndagala: kwa nini zinazokaushwa mchangani zinaharibika haraka kuliko zinazokaushwa juu ya chanja. Koko hakuelewa kwa nini mtu asome miaka yote hiyo halafu arudi kwenye ndagala, lakini alijivuna kupita kiasi, na mtaa mzima ulikuwa umeshasimuliwa habari za ndagala hizo mpaka watu wakawa wanamkimbia kisimani.

Mambo hayakuwa mchezo. Baba Mkubwa, kaka yao aliyeishi mji wa Baraka na ambaye neno lake nyumbani kwetu lilikuwa la mwisho, alikuwa ameshasema: Esperance asipomaliza mwaka huu, basi. Karo itahamia kwa wanawe wa kiume, na yeye atafute mume au meza ya kuuzia nyanya. Na mwalimu aliyemsimamia alikuwa amempa mpaka Jumatatu asubuhi, kazi ikiwa imeshachapwa na kufungwa vizuri. "Tena usiniletee historia ya ordinateur," alimwambia, maana ndivyo tulivyoiita kompyuta. "Kila mwaka ordinateur za Uvira zinakufa kuliko watu."

Tatizo ni kwamba yetu ilikuwa inakufa kweli. Ukiandika barua fupi, haikuwa na neno. Lakini Tantine akifungua sura ya tatu, yenye majedwali na picha za ndagala, mashine ilianza kusita, inaguna ndani kwa ndani, halafu kioo kizima kinageuka buluu na mistari myeupe ya maandishi. Baada ya hapo ulikuwa huwezi kuifanya lolote ila kuizima. Mbaya zaidi, kazi iliyokuwa imehifadhiwa ilifunguka siku nyingine ikiwa vipande vipande, herufi za ajabu ajabu, kama vile kuku amepita juu yake. Sura ya tatu aliiandika, ikaharibika, akaiandika tena, ikaharibika tena. Nilimsikia akilia chooni, huku anamwaga maji kwa kopo ili tusisikie.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Papa alipokasirika sana alikuwa na desturi ya kutoka bila kuaga, anateremka mpaka ufukweni, anasimama kuliangalia ziwa mpaka moyo utulie. Nikaona wazi kwamba mashine nayo inafanya vilevile. Wakiichosha na picha, inakwenda kuliangalia ziwa. Buluu ile ilikuwa ziwa letu lenyewe, na mistari myeupe ni mawimbi. Kwa hiyo siku moja, watu wakiwa nje, niliiburuta meza mpaka dirishani ili mashine ilione ziwa bila kuhangaika. Koko alinikuta, nikamweleza, akaona nina akili. Siku hiyo mashine ilizimika kuliko siku zote, na Tantine akatafuta aliyeisukuma. Koko akasema ni upepo.

Ndipo akaja Injenia. Jina lake halisi sikulijua kamwe. Alikuwa na duka dogo la kutengeneza mashine Kavimvira, karibu na mpaka, na alitembea na kalamu nne kifuani ambazo sikuwahi kumwona akiandikia. Aliifungua mashine, akaiangalia ndani kwa dharau, akasema: "Ni virusi." Akahamisha kazi ya Tantine pembeni, akafuta vyote vingine, akaanza kuweka programu upya. Uwekaji wenyewe ukafia njiani, buluu. Akasema: "Basi ni alimentation, moto hauingie vizuri." Akabadilisha kile kisanduku cha umeme. Buluu. Mara ya tatu akachomoa vijibamba viwili vyembamba, virefu kama kidole cha mtu mzima, vyenye meno ya rangi ya dhahabu, akaomba kifutio changu cha shule, akaanza kuvisugua meno. Alisugua mpaka chumba kikanuka mpira. Akavirudisha, akapangusa mikono, akasema, "Voilà!" Tukaangalia. Buluu.

Tantine hakupandisha sauti, na hapo ndipo ungejua ameshafika mwisho wa uvumilivu. "Injenia, nikikausha ndagala, nikabadilisha mchanga, na chumvi, na siku, vyote mara moja, nitajuaje kilichoziozesha? Badilisha kitu kimoja. Kimoja tu. Halafu tuone."

Injenia alinuna, lakini alinuna akifikiri. Akatueleza, kwa Kiswahili safari hii. Vile vijibamba aliviita barette, na kazi yake ni kama meza. Mashine ikifanya kazi, inatandaza karatasi zake juu ya meza hiyo. Kama meza ina tundu upande mmoja, barua fupi haitafika kwenye tundu. Lakini ukitandaza TFC nzima na picha zake, lazima karatasi nyingine zitumbukie. "Na meza ziko mbili," akasema. "Tutazipima. Niko na sidii ya kupima. Lakini inachukua masaa, na moto usikatike." Ilikuwa Jumamosi jioni. Wakakubaliana kesho yake, baada ya misa ya kwanza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kila kitu kilichofanyika Jumapili ile kilikuwa na sababu yake ya maana. Umeme wa mji haukuaminika, kwa hiyo Injenia alikuja na groupe, jenereta yake ndogo, akaiwasha nyuma ya nyumba. Ndani mabati yalikuwa yanawaka joto na mashine ilitaka hewa, kwa hiyo meza ikatolewa uani. Uani jua lilipiga kioo, mtu haoni kitu, kwa hiyo tukafunga bâche, ile turubai ya buluu ya Papa, kutoka ukutani mpaka kwenye mpapai. Nyaya zilitambaa chini, kwa hiyo Injenia akaamuru kila mtu akae, asitembee ovyo, na viti vyote vya nyumba vikapangwa chini ya bâche. Tantine, ambaye hakuwa amelala vizuri siku kadhaa, alijinyoosha kwenye mkeka, akajifunika kitenge uso mzima. Koko akakaa kichwani pake, mkono shavuni. Mama alikuwa Baraka kwa dada yake aliyejifungua, na Papa alikuwa amekwenda Kavimvira kuonana na mfanyabiashara aliyekwama mpakani.

Bâche, viti, groupe mchana, mwanamke amefunikwa kitenge, mama mzee mkono shavuni. Kwa mtu yeyote wa Uvira, hilo ni jambo moja tu: msiba.

Kilichobaki ni kilio chenyewe, na hicho nilikitoa mimi. Kipimo kilipoanza, kioo kilikuwa buluu tena, nikafurahi kuliona ziwa langu limetulia. Halafu, bila onyo, mistari myekundu ikaanza kujitokeza, mmoja, mwingine, mwingine, ikashuka mpaka chini. Nikapiga ukelele. Nikatimka mpaka kwenye lango, machozi yakinitoka, nikipaza sauti: "Iko inatoka damu! Iko inatoka damu!"

Mama Sifa, jirani yetu muuza makala, yaani makaa, alikuwa anarudi kutoka misa ya pili. Alinitazama, akatazama juu ya bega langu, akaona yote yale. Akaweka mikono kichwani. Lakini hakuuliza. Kwetu huulizi langoni nani amekufa. Ni kumlazimisha mfiwa aliseme kwa kinywa chake. Unaingia, unashika mikono, unakaa, unanyamaza, na habari zitakufikia zenyewe. Kwa hiyo Mama Sifa aliingia.

"Pole, Koko."

"Aksanti, mama. Ikaa. Tunangojea tu Mungu."

"Na Esperance?"

"Umuache. Amelia mpaka amechoka."

Mama Sifa akakaa, akafuta jicho. Baada ya kitambo akatoka, akarudi na gunia la makala begani kwa mtoto wake, kama inavyotakiwa msibani. Na nyuma yake wakaanza kuja wengine: kinyozi wa barabarani, wamama wa jumuiya na masufuria yao, mwalimu wa shule ya msingi, mpaka katekista na kitabu chake cha nyimbo. Kila aliyeingia alidhani aliyetangulia anajua. Aliyetangulia alidhani vivyo hivyo juu ya mwenzake. Wote wakashika mkono wa Koko, wakasema pole, na Koko akawashukuru mmoja mmoja. Alituambia baadaye kwamba aliguswa sana. Alidhani habari zake za ndagala hatimaye zimewaingia, na mtaa umekuja kusimama na binti yake.

Na Injenia? Injenia, akiwa amewapa mgongo, alidhani wamekuja kumtazama yeye. Kadiri viti vilivyojaa, ndivyo sauti yake ilivyopanda. Akawa anatangaza kila hatua kwa Kifaransa, kisha anajitafsiria. "Hapa ninatoa mumoja! Mumoja anabakia! Munyamaze, tuanze test ya mbili!" Watu wakanyamaza zaidi. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba daktari huyu ni mkali. Katekista akaanzisha wimbo wa kumwombea anayesafiri, polepole, na wamama wakaupokea kwa sauti mbili, ukapendeza mno. Mimi nikalia tena.

Wimbo ulikuwa kwenye ubeti wa mwisho Papa alipoingia. Mtu alimkuta Kavimvira, akamwambia arudi haraka, kilio kiko kwake. Alikuja nyuma ya pikipiki, shati limechomoka, kiatu kimoja hakipo. Akaona bâche. Akaona umbo la mtu limefunikwa kitenge. Akapiga magoti mkekani, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa baba yangu tena, "Esperance! Mudogo yangu! Esperance!" Tantine akashtuka usingizini, akajifunua, akakaa. Papa akaanguka nyuma. Wamama wawili wakakimbia mpaka barabarani.

"Weye, iko unalia nini?" Koko akamuuliza, kwa ukali.

"Wameniambia kilio iko kwetu!"

"Kilio ya nani?"

Papa akamtazama Mama Sifa. Mama Sifa akamtazama kinyozi. Kinyozi akamtazama katekista, na katekista akafunua kitabu chake cha nyimbo kana kwamba jina limo humo. Na hapo Injenia akainuka. Alikuwa amemaliza. Akageukia umati wake, akainua mkono juu, na kati ya vidole viwili alishika kile kijibamba chenye meno ya dhahabu.

"Voilà!" akasema. "Ni huyu! Ndiye amekufa. Mwenzake iko muzima kabisa."

Katekista, maana kazi ni kazi, akapiga ishara ya msalaba.

Kicheko hakikuja mara moja kama mnavyofikiri. Kwanza walikasirika. Kinyozi alisema amefunga duka. Mwalimu wa shule alisema mambo ya kifo hayachezewi. Mama Sifa alisimama mbele ya Injenia, mikono kiunoni, akikikodolea macho kile kijibamba: "Minye nimeacha maharagi mu moto juu ya kale kapande? Nipeni makala yangu niende!" Tantine alikuwa ameshika kichwa. Kijibamba kibovu kilikuwa kimepatikana, ndiyo, lakini sura ya tatu ilikuwa imeharibika isiweze kufunguka, ilibaki kwenye karatasi za mkono tu, jua lilikuwa limeshageuka, na Jumatatu ilikuwa kesho. Nikamtazama, mbele ya watu wote wale, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba hili jambo lingeweza kutokea kweli, Tantine akaacha shule, akakaa nyuma ya nyanya. Niliogopa kuliko nilivyoiogopa ile damu.

Koko akainuka. Aliinuka taratibu kwa sababu ya magoti, na watu wakamngoja.

"Makala haitoke," akasema. "Ni lini mulionaka kitu cha kilio kinarudi nyumbani? Mulikuja kulia na minye. Basi tulie. Kesho asubui huyu mutoto akikosa kupeleka kitabu chake, masomo yake imekufa, na hapa nitaweka bâche ingine, mutakuja tena, mutaniambia pole. Sasa minye nauliza. Mutangojea kumulilia kesho, ao mutamusaidia leo angali muzima?"

Mama Sifa akamtazama Tantine, akalitazama gunia lake, akashusha mikono kutoka kiunoni. "Basi mulete sufuria," akasema. Ndipo kicheko kikaanza, kwake yeye, tumboni kabisa, kikatushika wote mpaka Papa na kiatu chake kimoja.

Injenia akairudisha mashine na kijibamba kimoja kilicho kizima, akamalizia kuiwekea programu. Iliwaka kwa uvivu, ikajikokota kama Koko akienda misa, lakini iliwaka. Tantine akakaa mbele yake. Katekista akachukua zile karatasi za mkono, akasafisha koo, akaanza kumsomea kwa sauti ileile anayosomea nyaraka za Mtume Paulo, neno kwa neno, unyevu wa ndagala, asilimia ya chumvi, chanja na mchanga. Sentensi ndefu zilipoisha, wamama waliokuwa wakichambua mchele waliitikia amina. Kinyozi alitoa petroli ya pikipiki yake akaiongezea groupe. Mwalimu wa shule alikaa upande wa pili akisahihisha Kifaransa, na alikuwa na kiburi, akagombana na katekista juu ya herufi mpaka Koko akawatenganisha. Kila Tantine alipobonyeza kuhifadhi, ua wote ulinyamaza, hata masufuria, tukingojea. Kioo kilibaki cheupe. Mimi nilikuwa peke yangu niliyesikitika kidogo kwamba ziwa halikurudi.

Mbu walipoanza kutoka ndipo sura ya tatu ilipoisha. Watu walipiga vigelegele, tukala maharagwe na wali wa kilio, na Papa akamsindikiza kila mmoja mpaka langoni akimshukuru kwa kuja, kwa maneno yaleyale yanayosemwa siku ya mazishi, maana hakuna aliyetufundisha mengine.

Jumatatu, kazi ikiwa imeshachapwa na kufungwa usiku uleule dukani kwa Injenia, Tantine aliipeleka. Mwalimu wake aliipokea, akaifungua ukurasa wa shukrani, akasoma kwamba mwandishi anawashukuru majirani wa Kimanga waliokuja kumlilia. Akamtazama juu ya miwani. Tantine anasema mwalimu alifungua mdomo kutaka kuuliza, halafu akaufunga. Tantine akaitetea kazi yake, akafaulu, na Baba Mkubwa alikuja kutoka Baraka kula kuku wa sherehe kana kwamba yeye ndiye aliyemsomea. Leo Tantine anafundisha, na wanafunzi wakimwambia kompyuta imekufa anawauliza wamejaribu kuchomoa kijibamba kimoja kimoja.

Sisi tulibaki na utani. Tukawa nyumba pekee ya Kimanga ambayo watu wanasimama langoni kwanza. Bâche ikifungwa kwa ubatizo, kwa mvua, kwa kuanika muhogo, lazima mpita njia apaze sauti: "Ni muntu, ao ni mashine?" Tukicheka, wanaingia. Koko ndiye aliyefurahia kuliko sote, alikuwa anajibu kutoka jikoni, "Leo ni mashine, muingie mule!"

Miaka ikapita, nikawa mwanamke mzima. Asubuhi moja Papa alifunga bâche kimyakimya, akapanga viti, nami nikaenda kufungua lango. Mama Sifa alikuwa anapita na kapu lake, mzee sasa, anatembea kwa fimbo. Akaona turubai, akasimama, akatabasamu kabla hata ya kunifikia.

"Ni mashine tena?"

Popote pengine mjini ningenyamaza tu, naye angeingia, angekaa, na mtu mwingine angemwambia. Lakini alikuwa ameuliza, na alikuwa anangoja, tabasamu bado liko usoni.

"Hapana, Mama Sifa," nikasema. "Leo ni Koko."